Programu Isiyotaka Kutupa Kitu

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kompyuta kuu ya kituo cha maziwa huku Rugu iligoma. Bila hiyo karani hapokei maziwa, na kwenye benchi mama mmoja alikuwa ameshika kopo lake la lita ishirini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu. Jua likipanda haya yanaganda."

Mimi ndiye mtunzaji wa kompyuta hiyo. Nilipoikagua, karibu kumbukumbu yote ilikuwa imemezwa na programu niliyoiweka iangalie afya yake.

"Yaani mlinzi ndiye anayekula?" mama aliuliza.

Karani alijikuna shingo, akakiri. Tangu Jumapili alikuwa amechomoa kifaa cha intaneti ili soketi itumike kwa tangi la kupozea. Nikaeleza kwamba programu ilishindwa kutuma ripoti ofisini Bukoba, ikazirundika zote. Mwenyewe niliiagiza isitupe hata moja. Hilo la mwisho sikulitamka.

"Ng'ombe akijaa namkamua, simwambii avumilie," mama alisema, kisha akamgeukia karani. "Wewe ungetuharibia maziwa."

Niliiwasha programu upya, nikaiagiza itunze ripoti mia za mwisho tu. Maziwa yalipimwa, yakapokelewa.

Sisi wenye wasiwasi, hata woga wa kutupa huuita uangalifu.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea karani waya wa kuongezea soketi, kisha nikaketi karibu na yule mama nikamwambia kosa lilikuwa langu.