Jina la Gerishon kwenye Kitabu cha Shamba

Cucu wangu, mama yake baba, alikuwa akifagia kiwanja kisicho na nyumba. Kila asubuhi nikijitayarisha kwenda shule, nilimwona akitoka kijijini na ufagio wake wa matawi, anavuka handaki lililokizunguka, anateremka mpaka mahali nyumba yake iliposimama kabla ya Hali ya Hatari. Askari wa mkoloni waliibomoa mwaka wa hamsini na nne, na watu wa upande wetu wa Uthiru wakasukumwa kijijini, nyumba zikapangwa safu kwa safu. Miaka mitano ikapita. Magugu yalishika mteremko mzima, ila pale kwake udongo ulikuwa safi kama sahani.

Wanawake waliokwenda mtoni walimtania. "Wahu, leo unapokea wageni?"

"Mgeni ni mimi," alijibu, "na bado sijafika."

Mimi nimepewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo aliniita wajina. Siku za Jumamosi nilimfuata, nikamuuliza maswali mpaka achoke. Kitanda kilikuwa wapi? Mbuzi walilala wapi? Alinionyesha kwa mguu. "Hapa kuni. Hapa nilimzaa baba yako, mvua inapiga, na Guka wako amejificha kwa jirani kama kuku." Alikuja hapo akiwa bibi arusi kutoka Dagoretti. Aliniambia kijijini anapata usingizi, lakini hapati kulala. Sikuelewa, nikamuuliza tofauti yake, akacheka tu.

Mwaka uliotangulia, wapimaji wa serikali walikuwa wamekuja. Vipande vyetu vinne vilivyotawanyika viliunganishwa kuwa shamba moja, na kwa bahati likaangukia palepale pa Cucu. Karani wao akamwuliza Guka, babu yangu, jina la kuandika kwenye kitabu cha shamba. Guka, macho yake yameingia ukungu, akasema, "Gerishon." Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye muramati, yaani mlinzi wa shamba la baba yake. Analitunza, anawaonyesha ndugu zake pa kulima na mama yake pa kukaa, wala hathubutu kusema "langu". Baba yangu, Ndungu, ndiye mdogo wake Gerishon, na siku hiyo alipiga makofi kuliko wote.

Hakuna aliyekiuliza kitabu kama kinamjua muramati. Hakikumjua. Kiliandika mwenye shamba, basi.

Tulijua hivyo lori lilipomwaga mawe. Fundi mmoja, Hezekiah, alikuwa amefunga kamba kwenye vigingi, na kamba ilipita katikati ya kiwanja cha Cucu.

"Nani amekutuma?" Cucu akamwuliza, ufagio mkononi.

"Mwenye shamba, mama. Anajenga vyumba sita vya kupangisha."

"Mwenye shamba ndiye nani?"

Hezekiah akavua kofia. "Si mtoto wako, mama?"

Jumapili baada ya kanisa, Baba Mkubwa Gerishon akaja kutoka mjini, akakaa kwa Guka na tai yake shingoni. Baba hakungoja chai.

"Kaka, uliandikwa kwa ajili yetu sote."

"Ndungu, tulia. Watu wa kazi wanatafuta vyumba mpaka wanalala jikoni kwa wenzao. Mimi mwenyewe huko tunalala wanne chumba kimoja, miaka kumi na miwili! Haya ni maendeleo. Hata wewe nitakupa kimoja."

"Utanipa? Shamba la baba yangu, wewe utanipa?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kilitahiriwa mwaka gani, kitushauri?"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Guka. "Mimi nilisema mlinzi," alisema polepole.

"Baba, hawana mahali pa kuandika mlinzi," Gerishon akajibu, na sauti yake haikuwa ya ubaya. Ilikuwa kama ya mwalimu aliyechoka.

Baba akasimama. "Basi sitatia mkono tena katika shamba la mtu." Akatoka, chai yake ikabaki pale ikipoa.

Jumanne, shule zikiwa zimefungwa, Cucu akaniambia, "Wajina, vaa viatu." Tukapanda basi mpaka mjini. Mimi nilikodoa macho kwenye madirisha ya maduka. Yeye alitazama mbele tu, kama mtu anayekwenda kudai mbuzi wake. Baba Mkubwa alikuwa karani katika duka la nguo mtaa wa Bazaari. Alipotuona aliangusha rula.

"Mama! Kuna msiba?"

"Bado. Hivyo vyumba vyako, umevipanga namna gani?"

"Safu moja, Mama, mlango kwa mlango. Chako ni cha kwanza, nacho kina dirisha la kioo."

"Nimetoka kwenye safu niingie kwenye safu?"

Gerishon akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Kule kijijini nikikohoa," Cucu akaendelea, "Nyokabi wa nyumba ya tatu ananiambia pole. Ni mtu mwema. Lakini mimi nataka kukohoa kwangu, Gerishon. Pale pale. Sijaomba kingine tangu wanitoe."

Mwenye duka alikuwa anatutazama. Baba Mkubwa akainama juu ya meza, nikafikiri anatafuta rula. "Hezekiah atateremsha kamba hatua thelathini," alisema mwishowe. "Lakini jina, Mama, usiniambie nilitoe."

"Sikupanda basi kwa ajili ya jina."

Basi tukawa na mahali. Ikabaki kujenga, na nyumba ya mwanamke kwetu hujengwa siku moja. Jua lisizame kabla haijaezekwa na moto kuwashwa ndani, la sivyo wengine tusiowaona wataingia kwanza. Wanaume husimamisha nguzo na paa, wanawake huleta nyasi. Wazee wengi wa kusimamisha nguzo walikuwa wamekwisha, na vijana wengi walikuwa bado hawajarudi kutoka kizuizini. Ilipofika siku yenyewe tulihesabu wanaume saba, pamoja na Hezekiah. Baba alibaki kijijini akinoa panga ambalo tayari lilikuwa kali.

"Baba, hawatoshi," nilimwambia saa sita.

"Mwenye shamba yupo."

Mwenye shamba alikuwa juu ya nguzo, suruali ya ofisini imepasuka gotini, anafunga kamba vibaya. Saa kumi paa lilikuwa halijafika nusu. Nyasi zilikuwa zimelundikwa chini, na wanawake walikuwa wameacha kuimba. Cucu alikaa kando na chungu cha makaa aliyoyatoa nyumbani kwake kijijini, anayafunika jivu, anayafunua. Hakumtazama mtu. Alitazama jua.

Nilikimbia tena. Sikumwambia Baba habari ya kaka yake. Nilimwambia, "Makaa yake yanakufa."

Alikuja. Hakumsalimu mtu. Alipanda upande wa pili wa paa, akafunga fito kwa ule mwendo wake wa haraka, na ndugu hao wawili wakafanya kazi wakipeana migongo mpaka nyasi ya mwisho ikakaa, jua likiwa limebaki wekundu tu juu ya vilima.

Cucu akaingia kwa mlango wake mdogo. Tulimsikia akipuliza, kisha moshi ukapenya kwenye nyasi, na Guka, ambaye haoni, akasema, "Umewaka."

Gerishon akaingia, akakaa. Baba akavaa koti lake.

"Ndungu, njoo ule," Cucu akaita kutoka ndani.

"Nimeshiba, Mama. Siwezi kuketi nikala katika shamba la mtu."

Nilidhani Cucu atamkaripia. Alitoka na bakuli la irio, viazi na mahindi ya kuponda, akaketi kizingitini, nusu yake ndani na nusu nje. Akampa Gerishon kijiko nyuma yake, akamnyooshea Baba kingine huku nje. Baba alikipokea akiwa amesimama. Walikula hivyo mpaka bakuli likaisha, na Baba akarudi kijijini peke yake.

Mimi nililala kwa Cucu usiku huo. Nilipoamka alikuwa ameketi palepale kizingitini, anatazama njia ya kijijini.

"Cucu, si umefika sasa?"

"Mimi nimefika, wajina," alisema, akasogea kidogo anipe nafasi ya kukaa.