Mwanamke Mwenye Mgono

Krrr. Sauti ya kisu kikikwangua picha kwenye kioo. Emerensiana aliisikia mara moja tu, fundi alipojaribu kioo cha kwanza, na hakuisahau.

Ilikuwa Ifakara, mwaka 1956. Emerensiana alitunza picha za gazeti dogo la bondeni: vioo vya kupigia picha, kila kimoja na bahasha yake, ndani ya debe alilotia mchele uliokaangwa ili unywe unyevu wa masika. Sasa ofisi ilitaka vikwanguliwe viwe vioo vya madirisha.

"Vyenye majina baki navyo," alisema Theodori, mhariri. "Visivyo na majina, Jumamosi fundi anavikwangua vyote."

"Hata huyu mama?" Emerensiana aliinua kioo kimoja.

"Mama gani? Bahasha inasema 'Mvuvi'. Wavuvi wamejaa mtoni, dada."

Mwanamke peke yake, ameshika mgono, ule mtego wa samaki wa kusuka. Nani alimfundisha kazi ya wanaume? Swali hilo lilimwasha Emerensiana. Ijumaa alikifunga kioo kwenye kaniki yake, akaenda kivukoni kuuliza.

Wavuvi walikiinua juani, wakaangua kicheko. Kwenye kioo, cheusi huonekana cheupe.

"Mzungu gani huyu anavua kambare?"

"Na mvi zote hizo! Dada, mrudishe Ulaya."

Mmoja wao, Eustaki, hakucheka. Hakuutazama uso, aliutazama mgono.

"Mdomo umefungwa mafundo mawili. Mto mzima, ni nyumbani kwetu tu tunafunga hivi."

"Basi ni nani?"

"Sura siioni. Mweupe mno."

Emerensiana akatandaza kaniki magotini, akakilaza kioo juu ya weusi wake, akakiinamisha taratibu. Weupe ukageuka. Shavu likawa jeusi, nywele nyeusi, na mwanamke akawatazama.

Wavuvi wakasogea karibu.

"Mama," alisema Eustaki. "Baba alipopooza, yeye ndiye aliyeingia mtoni. Tulimzika bila hata picha yake."

"Jina lake?"

"Justa. Justa Donati."

Emerensiana akaliandika kwa penseli juu ya bahasha, palepale, herufi kubwa. Jumamosi fundi asingekigusa kioo hiki.

Eustaki akafuta magamba ya samaki mikononi, akanyoosha mikono. Emerensiana alisita, halafu akamkabidhi kioo.

"Mshike pembeni," alimnong'oneza. "Usimguse usoni."