Poda ya Mtoto Ambaye Hakuwepo

Mpaka leo nikisikia harufu ya poda uso unaniwaka kwa aibu, halafu nacheka peke yangu, basi leo tucheke wote.

Ilikuwa wakati wa vita, hapa Bunia, maji tunawahi kuteka kabla risasi hazijaanza, na mimi nina tumbo lililojaa fibrome (vile vivimbe vya kizazi) mpaka naonekana mjamzito wa miezi sita. Siku moja Mama Veronika, kiongozi wa kwaya yetu, akawaambia watu kwenye foleni, "Mumuache apite, iko na mimba." Nilipaswa kukana. Nikanyamaza, nikajaza bidoni yangu, nikakimbilia nyumbani.

Kumbe kunyamaza kuna utamu: kanisani nikapewa kiti, kwaya ikanifumia kofia ya mtoto (na rangi nikachagua mwenyewe, mimi huyu). Na daktari alikuwa ameshaniambia, fibrome zisipotolewa nisahau kuzaa, na zikitolewa huenda kizazi nacho kikaondoka. Nikaenda hospitali kimya kimya kupasuliwa.

Kimya gani? Mama Veronika aliniona naingia, na kwetu mwanamke akijifungua wenzake huja wakiimba na kupakana poda. Nikazinduka kwenye dawa ya usingizi, kwaya nzima imezunguka kitanda, nyuso nyeupe pee, wananimwagia poda shingoni na wagonjwa wa jirani wanapiga makofi.

"Mutoto iko wapi?" akauliza Mama Veronika.

"Mutoto hakuna," akajibu muuguzi, asijue lolote. "Ilikuwa fibrome. Lakini kizazi tuliiacha."

Wimbo ukakatika. Nikalia, kwa furaha ya kizazi na aibu ya kofia, nikaanza kujifuta. Mama Veronika akanishika mkono.

"Usipanguse. Siye tumetangulia tu, mutoto atakuja nyuma."

Alikuja, miaka mingi baadaye, kwa matibabu ya uzazi ya Kampala na yai alilonipa mdogo wangu wa kike. Safari hiyo kila foleni nilisimama mpaka mwisho, maana niliapa tumbo lisiniombee tena nafasi. Ila wa kuniimbia hawakuwepo, vita iliwatawanya, na niliwakosa kuliko nilivyodhani.

Nikamfuata Mama Veronika mpaka mji wa Aru, alikokimbilia. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nikamvika mtoto kofia ya kwaya, nikamwekea mapajani, akampapasa kichwani, akaitambua ile kofia.

"Poda uliileta?" akaniuliza.