Namba 341 na Maharage ya Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Fizi, préfet, yaani mkuu wa shule, aliniuliza mbele ya wanafunzi: "Mwalimu, 91 iko namba tasa?" Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikajibu ndiyo, bila kufikiri. "Gawa na saba," akasema, akatoka. Jibu lilikuwa kumi na tatu. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Ninyi vijana mnabonyeza simu. Sisi tulikuwa na chaki, na namba moja kubwa ilimaliza ubao na saa ya somo pia. Nikatafuta njia fupi miaka mingi. Mwisho niliipata: anza na moja, zidisha kwa mbili, ikifika au ikipita namba unayoipima, gawa, ushike baki. Rudia mara zilizo pungufu kwa moja kuliko namba hiyo. Kwa saba, baada ya mara sita unarudi kwenye moja, basi ni tasa. Kwa tisa, baada ya mara nane unabaki na nne, basi si tasa. Tena unaweza kuruka, ukizidisha baki kwa lenyewe, hatua mia zikawa chache. Hata 91 ilinaswa. Nilicheka peke yangu.

Préfet wangu wa tatu, mtu wa haraka, akamwandikia inspecteur, mkaguzi wa shule. Nikaitwa mjini Baraka kuwaeleza njia hiyo walimu wa territoire, yaani wilaya, nzima.

Siku moja kabla, nilikaa sokoni Baraka kando ya mke wangu, Mama Riziki, aliyeshuka kuuza maharage. Nikamwambia 341 imerudi kwenye moja; hakuna wa kuipanga kwa mafungu sawa.

"Umepanga?"

"Si lazima. Hesabu imesema."

"Mi siamini hesabu yenye haijagusa maharage."

Akahesabu punje 341. Mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, zikabaki mbili. Tano, saba, bado. Kumi na moja kumi na moja: mafungu thelathini na moja, hakikubaki kitu.

"Utabaambia kesho?" akauliza.

"Nani atajua?"

"Mi najua."

Kesho yake nikasema yote: njia yangu ikikataa namba, amini, ikikubali, usiamini bado.

"Nani alikuonyesha hii kosa?" inspecteur akauliza.

"Bibi yangu, Mama Riziki, na maharage."

Walimu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na namba zingine zenye kudanganya, ziko ngapi?"

Nilistaafu bila kujua.

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa zamani, leo naye mwalimu, alinipigia: wataalamu wa nchi ya mbali walishapata njia fupi isiyokosea kamwe. Niliona wivu, siwafichi, kisha furaha. "Na 341?" nikauliza. "Inaikamata, mwalimu."

Akaniletea karatasi za njia hiyo. Nusu sijazielewa, na inaniuma. Mama Riziki alizitazama herufi zile zote, akaingia ndani, akarudi na ungo wa maharage.

"Tuanze na namba ndogo," akasema.