Paka Waliokaa Nasi Mulongwe

Ninapojinyoosha mchana baada ya chakula, joto la ziwa likiwa limefika hadi mlangoni na nyumba nzima imenyamaza, wa kwanza kunijia si mama wala baba. Ni paka. Anapita katikati ya mikeka ya ndagala, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa uani, polepole, kama mtu anayezunguka sokoni bila haja ya kununua kitu, na mwanga wa maji uko nyuma yake hata siwezi kuiona rangi yake. Najua tu kwamba ni mmoja wao. Nikifumbua macho, ua ni mweupe na hamna kitu.

Wa kwanza alikuwa wa kijivu. Alikuja kwetu, mtaa wa Mulongwe, ndani ya kikapu chenye kifuniko, mwaka ule wa uhuru wa Kongo, nikiwa mtoto wa kuanza shule. Baba alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja wa kampuni ya pamba, na wazungu walikuwa wanaondoka Uvira, gari baada ya gari, kuelekea Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Baba alirudi nyumbani jua likiwa kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, bado amevaa aproni yake. Akaweka kikapu chini mbele ya bibi, mama yake, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Madamu amelia toka mlangoni mpaka kwenye gari," alisema. "Anasema nimtunzie mpaka atarudi."

"Atarudi siku gani?"

Baba aliangalia upande wa ziwa. "Hakusema."

Kifuniko kilipofunguliwa, paka alitoka, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaingia chini ya kitanda cha bibi na kukaa huko. Tulimwita pusi, pusi, mpaka koo zikakauka. Tulimsukumia samaki kwa kijiti. Hakugeuza hata sikio.

"Huyu anasikia Kifaransa tu," baba akasema.

Bibi alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye kikwembe chake, kitambaa alichojifunga kiunoni. "Tumepata uhuru," akasema. "Atajifunza."

Akaketi sakafuni kando ya kitanda na sahani ya vichwa vya mikeke, samaki wa ziwani, akaanza kusema na paka kwa sauti ile ile aliyotumia kumkaribisha bibi arusi mgeni. Hapa ndipo nyumba. Kule, ile kelele unayoisikia, ni mto; mvua ikinyesha milimani usiusogelee. Mbwa wa jirani iko mubaya, lakini amefungwa. Watoto hawa wana fujo, utawazoea. Aliendelea hivyo mchana kutwa, na mimi nililala kwenye mkeka nikimsikiliza, sijui kwa muda gani. Nilipoamka jua lilikuwa limeshafika ukutani, na paka wa kijivu alikuwa amejitokeza nusu, anakula mkononi mwake.

Baba hakupata tena kazi ya upishi. Alijiunga na ndugu yake kwenye mtumbwi, akawa mvuvi wa ndagala, akirudi asubuhi na harufu ya petroli ya taa kwenye nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya uhuru yalipungua zaidi. Lakini kila asubuhi, alipodhani sote tumelala bado, niliisikia sauti yake uani: "Bonjuru, Madamu." Na paka alimjibu. Naapa alimjibu, kwa mlio mfupi ambao hakuwahi kutupa sisi wengine.

Paka wa kijivu alikufa juu ya gunia, mahali pake pa kuota jua, bila kelele. Baba alimchimbia kaburi chini ya mpapai. Alituachia binti mmoja, mwenye mistari ya majivu na mchanga, ambaye hakurithi adabu ya mama yake hata chembe. Aliiba ndagala kwenye mikeka mama akimwangalia. Alilala ndani ya kikwembe cha bibi, na bibi akiwa amekivaa. Mama akimfukuza kwa fagio, bibi alikuwa akisema, "Mwache, iko mutoto wa hapa."

Paka huyu wa mistari alikuwa amekomaa tayari waasi walipoingia mjini. Sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka kwamba maduka yalifungwa, shule ikafungwa, na kulikuwa na wanaume barabarani waliovaa majani na ngozi kichwani, wakiimba. Mmoja wao aliletwa kukaa kwetu, katika nyumba ndogo ya jikoni uani. Hatukuulizwa. Alikuwa mtu mzima, mrefu, ndevu zimeanza kuota mvi, amevaa koti zito la polisi hata jua likiwa kali, na utepe wa ngozi ya chui kwenye paji la uso.

Alikuwa amepewa dawa. Waganga wa waasi walimnyunyizia maji ili risasi zisimpate, na maji yale yalikuwa na masharti yake. Kubwa kuliko yote, asiguswe na mwanamke. Siku ya kwanza alimweleza bibi akiwa amesimama mbali, kwa heshima, kama mtu anayeomba radhi kwa ugonjwa wake: sahani yake iwekwe juu ya jiwe, na aliyeileta aondoke kwanza. Bibi alifanya hivyo. Aliweka ugali na samaki juu ya jiwe, akarudi nyuma, akasema, "Chakula iko hapo, mwanangu." Sisi wasichana tulizunguka ua mzima kwa kupita ukutani ili hata kivuli chetu kisimwangukie. Tulimwogopa. Na yeye, sasa naona, alituogopa sisi.

Basi alasiri moja alikuwa ameketi ameegemea ukuta, anapangusa bunduki yake. Bibi alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, milima ya ng'ambo imefutika katika ukungu wa joto. Paka wa mistari akatoka nyuma ya mtungi, akakatiza ua bila haraka, akapanda mapajani mwa yule mtu, akajizungusha, akalala.

Mtu yule aliinua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa. Bunduki iliteleza chini.

"Mama!" aliita. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Mama, huyu paka iko mwanaume ao mwanamuke?"

Bibi alimwangalia paka. Tumbo lake lilikuwa limeanza kujaa; hata mimi nilikuwa nimeliona.

"Iko mwanaume," bibi akasema.

"Kweli?"

"Minye nimemulea hapa mu nyumba. Weye unamujua kuliko minye?"

"Tumbo yake iko kubwa."

"Anakula ndagala zangu kila siku. Utashangaa?"

Kwa muda mrefu mtu yule hakusogea. Kisha mkono mmoja ukashuka, taratibu, ukasimama hewani juu ya mgongo wa paka, ukatua. Paka akaanza kunguruma, nasi tulimsikia toka upande wa pili wa ua.

Mama alimfuata bibi ndani. "Mama, umedanganya mutu iko na bunduki," alinong'ona.

"Amekaa siku hizi zote bila mkono wa mtu," bibi akasema. "Acha aguswe na kitu."

Tangu hapo kila alasiri paka alikwenda kwake. Mtu yule alisema naye kwa Kifuliiru, lugha ya kwao milimani, kwa sauti ya chini, na bibi, aliyekijua vizuri, alitutafsiria kidogo kidogo tulipokuwa tukimenya mihogo. Anamwambia habari za ng'ombe. Anamwambia ana watoto huko juu milimani, mdogo hajaanza kutembea. Anamwambia yeye hakutaka koti hili, linanuka mtu mwingine. Siku moja alicheka, na sote tukageuka kutazama ni nani.

Halafu asubuhi moja alimwita bibi. Hakupaza sauti, lakini bibi alitoka haraka, nami nikamfuata nikishika kikwembe chake. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya jikoni. Ndani, kwenye kona, juu ya koti lake, paka wa mistari alikuwa amelala ubavu, na watoto watatu walikuwa wamejipanga tumboni mwake, bado wamelowa.

Nilisikia mto ukipita. Niliiangalia bunduki, ilikuwa imeegemea fremu ya mlango, karibu na mkono wake.

"Mama," akasema mwishowe, "weye ulisema iko mwanaume."

"Nilisema," bibi akajibu.

Alichuchumaa. Aliwaangalia wale watoto vipofu wakitafuta chuchu, wakisukumana, na uso wake ukawa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka njia.

"Basi dawa yangu iliisha siku ile," alisema. "Zamani. Na niko muzima bado."

Bibi alikaa chini, pale pale kizingitini, miguu yake imenyooka mbele. Wakakaa hivyo, wote wawili wakiangalia paka. Kisha yule mtu akanyoosha mkono wake kwa bibi, kama watu wanavyosalimiana, na bibi akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushika. Sikumbuki aliushika kwa muda gani. Nakumbuka mabega ya yule mtu yakitikisika, na bibi akisema, "Iko sawa, mwanangu, iko sawa," akiangalia pembeni ili asimwone akilia.

Koti aliliacha pale. Alipoitwa yeye na wenzake kwenda kwenye uwanda wa Ruzizi, kwa sababu jeshi la serikali lilikuwa linakuja, aliondoka na shati tu. Utepe wa chui haukuwa kichwani mwake. Alimwambia bibi, "Tubakie kuombeana, mama," akampa mkono tena mbele ya watu wote. Hatukupata habari zake kamwe. Bibi alisema siku zote kwamba hakufika uwandani, kwamba alipinda njia akapanda milimani kwa watoto wake. Alilisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake, na mimi mpaka leo namwona hivyo: mgongo wa shati ukipanda kati ya migomba, haugeuki.

Milio ya bunduki ilipokaribia, baba alileta mtumbwi mpaka kwenye mdomo wa mto. Mama alibeba sufuria na mdogo wangu. Bibi alibeba kapu la sombe, na ndani ya kapu, chini ya majani, watoto wa paka. Mama yao hakukamatika. Alipanda juu ya paa, akatuangalia kutoka pale kwenye bati lililochomwa na jua, na bibi alisimama chini akimwita, pusi, pusi, njoo mama, njoo, mpaka baba akamshika mkono.

"Mama, tufe kwa sababu ya paka?"

Bibi aliita mara moja tena. Kisha alikwenda.

Ile safari ya ziwani iko kwangu kama kitu nilichoota. Maji yalikuwa laini na meupe, mji wetu ulipungua nyuma ukawa mstari, na milio ilifika kwetu imechakaa, kama watu wanaotwanga mahali mbali. Bibi alitafuna ndagala, akawapa watoto wa paka kwenye ncha ya kidole. Upande wa Burundi tulikaa kwa ndugu wa mama, tukalala wengi kwenye chumba kimoja. Watoto wawili wa paka walikufa huko. Mmoja aliishi, dume, dume kweli safari hii, mwenye mistari ya mama yake.

Tuliporudi Mulongwe, nyumba haikuwa na milango, na bati zote zilikuwa zimechukuliwa. Mama alikaa kwenye jiwe la uani, akaweka mikono mapajani. Baba alianza kukusanya matofali yaliyoanguka. Bibi hakuangalia nyumba. Alizunguka ua akiita, akaenda kwa majirani, akateremka mpaka ufukweni kwa wavuvi. Hakuna aliyemwona.

Baada ya muda kidogo kulikuja ujumbe kutoka mtaa wa Nyamianda, kwa rafiki wa bibi wa siku nyingi, mwanamke Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa zamani. Yeye hakukimbia, miguu yake haikumruhusu, na alisema ziwa limemwona akizaliwa, basi na limwone hata katika vita hivyo. Bibi alinichukua, akamchukua na yule paka dume, tukaenda.

Paka wa mistari alikuwa amelala kwenye mkeka wa sala, mnene, anang'aa.

"Alikuja mwenyewe," rafiki wa bibi akasema. "Siku ile mlipovuka. Alilia mlangoni mpaka nikafungua. Tulikuwa wawili tu mtaa mzima, yeye na mimi. Nilimsomea dua, naye akalala."

Bibi aliita. Paka alifumbua macho. Aliinuka, akajinyoosha, akaja akamnusa kikwembe, akalaza kichwa chake juu ya mguu wa bibi na kukaa hapo, nasi tukamwangalia. Kisha akarudi mkekani.

"Basi, iko wako," bibi akasema, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Rafiki yake naye akalia. Mpaka siku ile sikuwa nimemwona bibi akilia kwa ajili ya nyumba, wala kwa ajili ya watu waliokufa, na walikuwa wengi. Walikaa mkekani wameshikana mabega, wazee wawili, mpaka machozi yakaisha.

Ndipo tukamtoa yule dume kikapuni, amwone mama yake. Mama yake alimfokea, akampiga kofi la pua. Rafiki wa bibi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

Tulirudi jioni jua likiwa bado juu ya milima. Bibi alichoka njiani, akanipa yule dume nimbebe. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na amelala, na joto lake lilipenya gauni mpaka tumboni. Bibi alitembea mbele yangu, akiwasalimia watu waliokuwa wakianza kurudi majumbani mwao, akimwuliza kila mmoja kama ameshinda vizuri.