Harufu ya Kibuyu

Jirani yangu hapa Iringa alipofungua kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, harufu ilinirudisha darasani, Usangu.

Mwalimu alikuwa amemleta msichana mgeni, binti wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, akamwelekeza kwenye dawati langu. Sikusogea.

"Ananuka moshi, mwalimu," nikasema. Darasa zima likacheka.

Nyumbani hakuna aliyenifundisha kusema hivyo. Ila kila ng'ombe wao walipopita, mama alinung'unika, "Haya, wamekuja kutumalizia maji." Labda hiyo ilitosha. Sijui.

Msichana hakulia. Aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Hata wewe unanuka, mwenzangu. Si mama yangu amewaletea maziwa asubuhi?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekunywa kikombe kizima. Mwalimu alisubiri, nami nikabaki palepale katikati ya dawati. Yule msichana akaenda kuketi sakafuni karibu na mlango, na hapo ndipo alipokaa mpaka walipohama.

Kesho yake niliyanywa maziwa yao kama kawaida. Kisha nikasukutua mdomo mara tatu, nikaenda shule.