Vigelegele vya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini, mkurugenzi wa kituo alinishusha kwenye ukumbi wa chini ya jengo, pale Flemingdon Park, huku ugenini, akanionyesha meza nne za mpira wa meza ambazo watu walikuwa wamezirundikia viti. Nyavu mbili zilifungwa kwa kamba za viatu. Akaniuliza kama nitaweza kuwafundisha watoto wa maghorofani ili wasishinde kwenye ngazi. Nikamwambia kule Tanga nilichezea timu ya reli, na wanaume nimewafunga mpaka wakasusa, sasa watoto watanishinda nini? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nyinyi wa siku hizi mnaocheza hadi kumi na moja mkaitana mabingwa, sikilizeni. Miaka ile ya tisini seti iliisha ishirini na moja, na kila mchezaji alianzisha mara tano ndipo ampishe mwenzake. Mpira ulikuwa mdogo kuliko huu wenu, ukienda kasi na kuzunguka zaidi. Wachezaji wakubwa walibandua raba ya raketi kabla ya mechi, wakapaka gundi mbichi, wakaibandika tena. Gundi ile iliufanya mpira ufyatuke, na vyumba vya kubadilishia nguo vilinuka mpaka kichwa kinauma. Baadaye waliipiga marufuku, na mimi wala sikuililia.

Mimi nilifundisha kukata. Mkataji husimama mbali na meza. Mwenzake anapiga kwa nguvu zake zote, yeye anaukwaruza mpira kwa chini, unarudi taratibu huku unazunguka kinyume, mpaka mwenye nguvu zake anauzamisha wavuni mwenyewe. Ni mchezo wa subira, na unataka ukumbi ulio kimya, maana mkataji husikiliza mlio wa mpira kwenye raketi ya mwenzake ndipo ajue unakujaje. Kocha mkuu wa jimbo aliniambia usoni kwamba ukataji umepitwa na wakati. Nikamjibu kuwa hata mimi nimepitwa na wakati na bado nakula.

Furaha aliletwa ukumbini na mama yake. Walikuwa wametoka Uvira, wakimbizi, na mama mtu alifanya kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, lakini sauti alijaliwa. Ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lao. Mtoto, wa kike, alikuwa mkimya, ana mikono mirefu, na hakasiriki. Nilipomwona anarudisha mpira wa kumi bila kukunja uso, nikajua nimepata mkataji. Nikamwekea raba yenye vipele virefu upande mmoja wa raketi, ile inayomchanganya mpigaji, na nikaanza kumfunda. Wengine waliniita Mwalimu. Yeye aliniita Shangazi.

Mkurugenzi wa kwanza akahamishwa, akaja mama mmoja mwenye haraka. Alitaka ukumbi wangu uwe wa mazoezi ya muziki, ya kurukaruka mbele ya vioo. Nilimsihi sana, na hatimaye akanipa sharti lake.

"Nitolee mchezaji mmoja aingie timu ya vijana ya jimbo," alisema, "na ukumbi utabaki wako. La sivyo, mwezi wa tisa meza zinaondoka."

Sharti likawa ni Furaha. Sikuwa na mwingine wa kiwango hicho, na mtoto mwenyewe alijua.

Sasa mechi za mchujo zikapangwa Jumapili asubuhi. Mama Furaha alinijibu kwa upole kwamba siku ya Bwana si ya mipira. Basi mimi, Mwislamu na ushungi wangu, nikafunga safari kwenda kumwona mchungaji. Akanipokea vizuri, akanipa chai, akasema wataanza ibada alfajiri wamalize mapema. Kisha akaongeza kuwa kanisa zima litakwenda kumsindikiza, kwani mtoto wao hawezi kwenda shindanoni peke yake kama yatima. Nilifurahi, wallahi. Mcheza kwao hutuzwa, na huku ugenini nani angemtuza? Nikawaeleza waumini kwamba kule watu hukaa kimya, wakaitikia wote kwa pamoja. Kimya cha kanisani kwao sikuwa nimekisikia.

Walijaa viti vya upande mmoja na vitenge vyao vya sare. Furaha alishinda mechi za mwanzo, ikabaki moja ya kuamua nani aingie timu. Alipangiwa binti wa Kichina, mpigaji hodari, anayeshika raketi kama kalamu. Seti ya kwanza tukapata. Katika ya pili, mpira ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, Furaha anakata yuko karibu na ukuta, na Mama Furaha akashindwa kujizuia. Akapiga vigelegele mpira ungali hewani. Mwamuzi akanyanyua mkono, pointi ikarudiwa. Wakanyamaza kidogo, kisha akapiga tena. Mwamuzi akanituma nikawaonye. Nikaenda nikawasihi, wakaziba vinywa kwa mikono, maskini, lakini mtoto alikwishachanganyikiwa na seti ya pili ikaenda.

Seti ya tatu akatulia. Akaongoza kumi na tisa kwa kumi na sita, jasho linamwingia machoni. Hapo mama yake akainuka, akavuka kizuizi kile kifupi cha kuzungushia uwanja, akaenda hadi kwenye meza na kumfuta mwanawe uso kwa kitenge. Kwetu mtu akicheza vizuri ndivyo afanyiwavyo. Unamwendea mbele za watu, unamfuta jasho, ajue ana wenyewe.

Mwamuzi mkuu akaamuru mama atolewe nje. Wakaja wahudumu wawili, wakamshika viwiko. Mama Furaha alikuwa bado anatabasamu, anawashukuru kwa kichwa, kadhani wanampeleka kwenye kiti cha heshima. Alipoona mlango, tabasamu likamtoka.

Furaha akaweka raketi juu ya meza.

Nikamwendea. "Pointi mbili tu, mwanangu. Mbili. Kisha tutamfuata wote."

"Shangazi, wamemshika mama yangu," akasema, akatoka.

Kanisa zima likainuka likamfuata, mmoja mmoja, bila sauti. Kimya tulichokuwa tunakiomba tangu asubuhi kikapatikana. Binti wa Kichina alibaki ameshika mpira, hajui afanye nini nao, mpaka mwamuzi alipomtangaza mshindi. Mimi nilisimama pale na chupa ya maji mkononi. Nilijua ukumbi umekwenda, na nilijua kwamba ningekuwa mwanawe ningefanya vilevile, na hilo ndilo lililonimaliza, kwani sikuwa na wa kumlaumu.

Mwezi wa tisa meza zikaondoka. Nikahamishiwa Mississauga, kwenye kituo cha wazee waliotaka kurudishiana mpira taratibu wakipiga soga, na baadaye nikawekwa mapokezini kutoa funguo. Huko ndiko nilikosikia mpira umeongezwa ukubwa, kisha pointi zimepunguzwa. Nikastaafia kwenye kiti hicho. Watu husema kazi ya mwalimu haipotei. Yangu imepotea. Furaha hakushika raketi tena, na watoto wale wengine walirudi kwenye ngazi.

Nilikwisha kustaafu Furaha alipoolewa, sherehe ikafanyika Pickering. Nikaketishwa meza ya mbele, karibu na mama yake. Bibi harusi akaingia na gauni lake, ngoma zikalia, wanawake wote wakasimama. Nikamsubiri mwenye sauti aanze. Hakuanza. Nikamgusa bega, nikamwambia apige basi, ndiye mwenye mtoto.

Mama Furaha akatazama mlangoni, akatazama vijana wa ukumbi waliovaa suti nyeusi, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, hapa wanaruhusu?"

Nikamwambia wanaruhusu. Akaitika kwa kichwa, akapeleka mkono mdomoni, ukabaki umeuziba mpaka bibi harusi alipoketi.